Goti lisitibiwe kupitia tumboni

Mwezi wa kumi unapoingia na mikorosho kuanza kuangusha, watu wa Newala, Tandahimba na Masasi huinama. Huinama kuokota, huchuchumaa kutenganisha korosho na bibo, kisha hubeba mzigo hadi nyumbani, na baadaye kutoka nyumbani hadi ghala la chama cha msingi. Na kazi hiyo hurudiwa kila siku kwa miezi miwili au mitatu, na watu ambao wengi wao wamekwisha kuvuka miaka 50. Jioni matokeo yake huonekana kwenye duka la dawa muhimu, ambako mteja hataji ugonjwa wala jina la dawa. Anasema tu, "Nipe ya magoti." Anachopewa mara nyingi mno ni vidonge vya diklofenaki vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti kubwa, pamoja na maelekezo ya kumeza kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Mama yangu mkubwa, aliyelima na kuokota korosho tangu ujana wake, alimeza vidonge hivyo kwa misimu miwili bila kuulizwa hata mara moja kama ana presha. Alikuwa nayo, na dawa zake za presha alikuwa akizitumia kwa uaminifu. Tulimfikisha hospitali akiwa anapata choo cheusi kama lami, na ndipo tulipoelezwa kwamba tumbo lake lilikuwa linavuja damu. Alipona. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini maumivu yaliyokaa kwenye goti, sehemu ambayo mkono unaifikia bila shida yoyote, yalitafutiwa dawa kwa njia ya mdomo, tumbo, ini na mzunguko mzima wa damu.

Hoja yangu ni kwamba kwa goti, kifundo cha mguu, kiwiko na vidole, dawa ya kwanza ya kundi la diklofenaki na jamaa zake kutolewa katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi iwe ya kupaka, yaani jeli, na kidonge kiwe hatua ya pili. Hoja hiyo ina sharti lake: jeli itolewe kama dawa yenye kipimo, si kama mafuta ya kuchua.

Ili kuona kwa nini njia ya dawa ni jambo zito, ni lazima kujua dawa hizi hufanya nini. Aspirini ilikuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, kuonyesha mwaka 1971 kwamba dawa hiyo na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kazi iliyomfanya awe mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Prostaglandini ni kemikali ambazo, kiungo kinapoumia au gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inapolika, huleta uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na ketoprofeni hufunga kimeng'enya kinachozitengeneza, na maumivu hupungua. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo zina kazi nyingine njema mahali pengine. Tumboni husaidia kutunza ute unaoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kwenye figo huiacha mishipa ya damu wazi pale mwili unapopungukiwa na maji. Kidonge kinapofika kwenye damu hakichagui: huzima prostaglandini za goti, za tumbo na za figo kwa pamoja.

Sasa mweke mtu huyo shambani, chini ya jua la mwezi wa kumi na moja, akiwa amekunywa maji kidogo kwa sababu katika uwanda wa Makonde maji yamekuwa ya kutafutwa tangu enzi za mababu. Figo zake siku hiyo zinazihitaji prostaglandini kuliko siku nyingine yoyote, na ndiyo siku anayomeza kidonge cha kuzizima. Kama anatumia dawa za presha, diklofenaki ya kumeza hupunguza nguvu ya nyingi kati ya hizo na inaweza kuupandisha msukumo wa damu. Na msimu wa korosho ni msimu wa mabibo, na msimu wa mabibo ni msimu wa uraka. Pombe na kidonge hiki hukutana juu ya ukuta uleule wa tumbo. Sioni dawa ambayo inatumiwa kwa wepesi zaidi katika mazingira yasiyoifaa zaidi.

Nchi nyingine zimekwisha kuufikia uamuzi ninaouombea hapa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa tahadhari kuhusu hatari ya diklofenaki ya kumeza kwa moyo na mishipa ya damu, na mwaka 2015 Uingereza ikaondoa ruhusa ya kuuza vidonge vyake bila cheti cha daktari, lakini jeli yake ikabaki madukani. Marekani nayo, mwaka 2020, iliruhusu jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 iuzwe bila cheti, huku vidonge vikiendelea kudai cheti. Dawa ni ileile kwa jina na kwa muundo. Kilichopimwa na kupewa hukumu tofauti ni njia inayopita.

Njia yenyewe si rahisi, na hapa kuna jambo ambalo watu wa kusini wanalielewa vizuri kuliko wanavyodhani. Mganga wa jadi aliyetaka dawa iingie mwilini hakuipaka tu. Alichanja chale kwa wembe kisha akasugua unga wa dawa kwenye mikato. Sisifu wembe huo, ambao ukichangiwa hupitisha virusi kutoka kwa mtu hadi mtu. Lakini aliyebuni chale alikuwa ameona jambo la kweli: ngozi nzima ni ukuta. Tabaka lake la juu kabisa, lililoundwa kwa seli zilizokufa zenye keratini, lina unene wa takriban sehemu moja hadi mbili kati ya sehemu mia za milimita katika sehemu nyingi za mwili, yaani ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Hata hivyo tabaka hilo ndilo linalozuia maji ya mwili kutoka na sumu za nje kuingia. Wataalamu hulifananisha na ukuta wa matofali, ambapo seli ni matofali na mafuta yaliyo katikati yake ni udongo wa kuungia. Kitu kinachotaka kupita lazima kipenye kwenye huo udongo wa mafuta.

Kwa hiyo dawa ya kupita kwenye ngozi huchaguliwa kwa vigezo vikali. Molekuli yake iwe ndogo, na kwa kawaida kikomo kinachotajwa ni uzito wa Dalton 500 (Dalton ni kizio cha uzito wa molekuli). Diklofenaki ina takriban 296, ketoprofeni 254 na ibuprofeni 206, hivyo zote zinapita katika kipimo hicho. Iyeyuke katika mafuta kiasi cha kuingia kwenye tabaka la juu, lakini isiyapende mafuta kupita kiasi, kwa sababu chini ya tabaka hilo kuna tishu zenye maji, na dawa isiyokubali maji hukwama njiani. Ndiyo maana mtengenezaji huichanganya na spiriti na vitu vingine vinavyolegeza kwa muda ule udongo wa kati ya matofali. Ule ubaridi unaosikika jeli inapopakwa ni spiriti inayoruka hewani. Si dalili kwamba dawa imekwisha kufanya kazi.

Ikishapita, sehemu ya dawa hujikusanya kwenye tishu zilizo chini ya mahali ilipopakwa na kushuka polepole hadi kwenye misuli na utando wa kiungo, na sehemu ndogo huchukuliwa na damu. Ni ndogo kiasi gani? Maelezo rasmi ya jeli ya asilimia 1 yanasema kwamba mtu anayepaka gramu 16 kwa siku kwenye goti moja, mwili wake mzima hupata takriban asilimia 6 ya diklofenaki ambayo angeipata kwa kumeza kipimo cha kawaida cha vidonge. Akipaka magoti yote mawili na mikono yote miwili, jumla ya gramu 48 kwa siku, kiasi hicho hupanda hadi takriban asilimia 20. Tarakimu hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza inaeleza kwa nini tumbo la mtumiaji wa jeli hubaki na amani. Ya pili inaonya kwamba anayejipaka kuanzia shingo hadi nyayo ameanza kuimeza dawa kwa njia ya ngozi.

Je, inasaidia kweli? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2015 na 2016 yana majibu mawili yasiyolingana, na ni haki msomaji ayapate yote. Kwa maumivu ya ghafla ya kuteguka au kukaza misuli, watu 7 au 8 kati ya 10 waliotumia jeli ya diklofenaki au ya ketoprofeni walipata nafuu kubwa ndani ya wiki moja, wakati waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa 2 au 3 kati ya 10. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Kwa goti lililochakaa kwa miaka, baada ya wiki 6 hadi 12 waliopata nafuu ya kueleweka walikuwa takriban 6 kati ya 10 kwa dawa, na 5 kati ya 10 kwa jeli tupu. Tofauti hapo ni ndogo, na anayewauzia wazee jeli kwa ahadi kwamba goti litarudi kuwa la kijana anawadanganya. Lakini katika tafiti zilizolinganisha jeli na vidonge kwa magoti na mikono, nafuu ilikaribiana. Kama njia mbili zinatoa nafuu inayokaribiana, na moja inaliacha tumbo salama, sioni kwa nini tuanze na ile nyingine.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi, kutoka Mikindani hadi Nachingwea, ni kwamba "ile ya kupaka haina nguvu." Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuitumia kwa kipimo. Maelekezo ya watengenezaji ni gramu 2 hadi 4 kwa kiungo kimoja, mara 3 au 4 kwa siku. Kwa kiwango cha chini kabisa hizo ni gramu 6 kwa siku, na kwa kiwango cha juu ni gramu 16. Tyubu ndogo ya gramu 20, basi, ikitumika ipasavyo kwenye goti moja inapaswa kwisha katika siku ya nne, na kwa kiwango cha juu haimalizi hata siku ya pili. Mama anayeinunua na kuitunza miezi mitatu, akijigusia kidogo kila anapokumbuka, hajawahi kupata dawa; amepata harufu yake. Tena kwa maumivu ya muda mrefu nafuu inaweza kuchukua hadi siku 7 kuonekana, ilhali wengi hukata tamaa siku ya pili. Kwa asiye na mzani, mstari wa jeli wenye urefu wa pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, ile yenye ukucha, ukitoka kwenye tyubu yenye mdomo wa kawaida, ni takriban nusu gramu. Gramu 2 ni mistari minne ya namna hiyo.

Hesabu hii inafichua pia kikwazo cha kweli, nacho ni fedha. Siku moja ya jeli kwa kipimo kamili ni ghali kuliko siku moja ya vidonge, na mkulima anayesubiri malipo ya mnada hana sababu ya kuchagua kilicho ghali kama hakuna aliyemweleza gharama ya tumbo linalovuja damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kulijadili jambo hili kwa uzito. Wanaopanga kitita cha huduma wakilinganisha bei ya tyubu na bei ya kidonge peke yake, kidonge kitashinda kila mara. Wakiingiza katika hesabu siku za kulazwa, damu ya kuongezewa na figo zinazodhoofika kwa wazee wenye presha na kisukari, naamini matokeo yatakuwa mengine.

Kuna mambo ya maisha yetu ambayo karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Ulaya haiyataji. Dawa iliyopakwa inahitaji takriban saa moja kabla ya kuoshwa. Katika mikoa ambayo watu wengi huswali swala tano, mikono na miguu huoshwa kwa udhu mara kadhaa kwa siku, na mgonjwa wa vidole au vifundo anaweza kuwa anaisafisha dawa yake yote bila kujua. Mtoa dawa anayemwambia mgonjwa "mara tatu kwa siku" amemsaidia kidogo; anayemwambia apake baada ya alfajiri, baada ya adhuhuri na baada ya isha amempa muda ambao dawa itakaa.

Lililo zito zaidi ni mikono ya wabanguaji. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi ya anakadi na kadoli, na anayebangua bila glavu za kufaa, akitegemea majivu au mafuta ya kupaka, huishia na vidole vilivyobabuka, vyeusi na vyenye nyufa. Vidole hivyohivyo ndivyo vinavyouma viungo kwa kazi ya kurudia maelfu ya mara kwa siku. Kupaka jeli juu ya ngozi iliyoungua au kupasuka ni kosa, kwa sababu ule ukuta uliopaswa kuipima dawa haupo tena: dawa huingia kwa wingi usiotarajiwa, na spiriti yake huchoma. Ngozi ya mbanguaji ipone kwanza, na ipone kwa kupewa glavu, jambo ambalo ni wajibu wa mwenye kiwanda au kikundi, si la duka la dawa. Kwa upande mwingine, kiganja cha mkulima chenye sugu kina tabaka nene kiasi kwamba dawa hupenya kwa shida. Kwa vidole, jeli ipakwe upande wa juu wa mkono, juu ya vifundo vyenyewe.

Jua nalo lina neno lake. Ketoprofeni ya kupaka inaweza kuifanya ngozi iungue inapopigwa na jua, na mwaka 2010 mamlaka ya Ulaya iliagiza wanaoitumia waifunike sehemu iliyopakwa wakati wa matumizi na kwa wiki mbili baadaye. Kwa mvuvi wa Kilwa au mvuna chumvi wa Lindi, ambaye kazi yake yote iko juani, jeli ya diklofenaki ni chaguo la busara zaidi, na hata hiyo afunike goti kwa nguo nyepesi.

Jeli isichanganywe na dawa za kuchua zenye mentholi, pilipili au methili salisileti. Hizo huleta ubaridi au joto linalouvuta ubongo mbali na maumivu, na ukali wa harufu yake ndio uliowafanya watu waamini kwamba dawa isiyonuka haifanyi kazi. Methili salisileti ni ndugu wa aspirini, na mafuta yake safi ni hatari mno kwa mtoto akiyanywa: kijiko kimoja cha chai kinalingana na takriban gramu 7 za aspirini. Chupa hizo zisikae chini ya mvungu wa kitanda.

Jeli pia ina mipaka ambayo hakuna kipimo kitakachoivusha. Nyonga iko ndani mno, na maumivu ya mgongo hayana ushahidi wa kutosha. Goti lililovimba ghafla likiambatana na homa linahitaji hospitali, na mguu wa matende hautapungua kwa kupakwa. Mjamzito asiitumie bila ushauri wa daktari, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Na kuna homa ambayo jina lake lilitoka hapa hapa: mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde uliupa ulimwengu neno chikungunya, kutoka Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyomkunja mgonjwa. Mwenye homa na viungo vinavyouma hivyo asikimbilie diklofenaki wala aspirini kabla homa ya dengi, ambayo dalili zake hufanana na hizo, haijaondolewa kwenye mashaka, kwa kuwa dengi na dawa hizi kwa pamoja huweza kuleta kutokwa na damu. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Ninachokiomba kwa watoa dawa wetu si kikubwa. Kabla ya mkono kunyoosha kwenye rafu, mgonjwa aulizwe panapouma ni wapi, kama ana presha, kisukari au vidonda vya tumbo, na anameza dawa gani nyingine. Kisha aonyeshwe kipimo kwenye kidole chake mwenyewe, aambiwe asimeze vidonge vya kundi hilohilo huku anapaka, na arudi kama wiki tatu zitapita bila nafuu. Maongezi hayo yanachukua dakika tano.

Mama yangu mkubwa sasa hupaka baada ya alfajiri, adhuhuri na isha, na tyubu yake huiweka kando ya mtungi wa maji, mahali pasipozidi joto. Goti la kushoto limetulia kiasi cha kumruhusu kuokota kwa nusu siku. La kulia, ambalo picha ya eksirei ilionyesha gegedu yake imelika zaidi, bado linamsumbua anaposhuka mteremko, na kwa hilo daktari amempa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na fimbo ya mpingo aliyochongewa na mjukuu wake.